Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Harshad

Kiharusi kilimpata Harshad Vyas nyumbani kwake Roseville, ughaibuni, akiwa anafundisha. Sitar, ile ala ya nyuzi ya Kihindi, ilimteleza mapajani, wanafunzi wakadhani amesinzia. Alipotoka hospitali alitembea na kuongea vizuri. Lakini mkono wa kushoto, ule uliovuta nyuzi tangu utotoni mpaka India nzima ikamwita bingwa, ulilala tu kama wa mtu mwingine.

Aliyepewa kazi ya kuuamsha ni Verediana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika mji jirani wa Maplewood. Aliona kwenye faili kwamba mgonjwa alizaliwa Tabora, nchini kwao, akamwamkia: "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," Harshad akajibu kabla hajafikiri. Hakuwa ametamka neno la Kiswahili tangu mkewe afariki.

Hata hivyo, mpira wa mazoezi hakutaka kuuminya. Kila akipewa, anausukumia pembeni.

"Basi nifundishe sitar," Verediana akasema siku moja. "Ukiwa unanionyesha, vidole vitafanya kazi bila wewe kugombana na mpira."

"Umri wako umeshapita, mama."

"Na wako je, Mzee?"

Harshad akacheka, akamwelekeza nyumbani kwake.

Ikawa kila Jumamosi. Vidole vikaanza kusogea, lakini kwa kujikongoja. Siku moja alitaka kumwonyesha namna ya kuvuta uzi, vikamgomea. Kwa hasira akauimba ule mlio aliotaka kuupiga. Verediana akautafuta kwenye nyuzi, akaukosa, akaimbiwa tena, akaupata. Haukufanana na wa mwalimu wake. Ulikuwa mzito kidogo, wa kwake mwenyewe, na ulikuwa sahihi kabisa.

Harshad akamwomba aupige tena. Wanafunzi wake wote walipiga kama yeye, na siku zote alijivunia jambo hilo. Sasa alielewa kwamba walikuwa wakiutazama mkono wake. Hakuna aliyelazimika kusikiliza.

Tangu hapo akawafundisha wote kwa kuimba. Kwenye onyesho lao la majira ya kuchipua alipiga mwenyewe ile sehemu ya mwanzo, ya polepole, kisha akawaachia wanafunzi. Kila mmoja alisikika kivyake, naye akakaa katikati yao akitikisa kichwa kwa raha.

"Unaikumbuka kasi yako ya zamani?" Verediana alimuuliza baadaye, wakila.

"Sana," akasema, akijiongezea wali. "Lakini leo nimesikia vitu ambavyo sikuwahi kuvipiga. Jumamosi uje umekata kucha, zinakwaruza nyuzi."