Taa ya Ndani

Mtaa huu hakuna anayejua mambo ya betri za magari kunishinda. Gari sijawahi kuwa nalo, na betri pekee niliyowahi kubadilisha ni ya saa ya ukutani. Niliiweka kinyume, na saa imesimama mpaka leo. Lakini dirisha langu linatazama pale jirani yangu karani anapoegesha gari, na dirishani nimesoma kuliko shuleni.

Jumatatu asubuhi karani alizungusha ufunguo, gari likasema tik, likanyamaza. Jumanne, tik. Jumatano hata hiyo tik halikusema. Mkuu wake kazini alikwishampa barua mbili za kuchelewa, na ya tatu ingekuwa ya kumwambia abaki nyumbani.

Mke wa karani akamwita fundi umeme wa magari, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Fundi akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani kama mkate uliosahauliwa kabatini. Akavisugua kwa brashi na maji ya magadi, akavikausha, akakaza nati, akapaka grisi. Kisha akaunganisha betri yake na ile kwa nyaya mbili nene. Gari likawaka. Taa ya ndani nayo ikawaka.

"Kaka, betri yako nzima, na inachajiwa vizuri," fundi akasema. "Ila kuna kitu kinakula umeme ukishazima gari."

"Kitu gani?"

"Huyo bibi wa kiti cha nyuma."

Alikuwa mama yake karani, tuliyemzika miezi mitatu nyuma, siku ile chakula kilipozidi chumvi. Amevaa viatu vya kutokea, mkoba mapajani. Mwanawe hakuwa amemwona kwa sababu huwa hatazami nyuma, hata akirudi kinyumenyume.

"Shikamoo, mama," mkewe akasema.

"Marahaba. Nasubiri kupelekwa kwa mdogo wangu."

Fundi akaukagua mlango. Ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, kwa hiyo taa ilikesha ikiwaka.

"Bibi, ukishaingia, uvute mlango mpaka ulie."

"Nguvu za kuvuta mlango nizitoe wapi, mwanangu? Nimekufa."

Fundi akakubali kwamba hilo ni kweli. Akausukuma yeye mwenyewe mpaka ukalia, nao ukaachia tena.

Huyo mdogo wake anaishi ng'ambo ya mji, mwendo wa nusu saa. Miaka miwili ya mwisho mama alivaa viatu vile kila Jumapili. Na kila Jumapili mwanawe alitoka nje, akakaa kidogo, akarudi na uso wa msiba: "Mama, betri imekufa." Mama alivua viatu. Saa kumi, gari hilo lililokufa lilikuwa likielekea uwanja wa mpira. Nani alikuwa dirishani, sisemi.

"Njia ni mbili," fundi akasema akifunga boksi lake la spana. "Kila ukiegesha, uchomoe waya wa hasi. Au umpeleke mama, ashuke."

"Nitampeleka Jumapili," karani akasema.

Akawa anachomoa waya. Jioni anafungua boneti, anachomoa, anamtakia mama usiku mwema. Mama anakaa gizani na mkoba wake. Asubuhi anarudisha waya, gari linawaka, wanaenda kazini wote wawili. Barua ya tatu haikuja.

Jumapili mama alikuwa amefuta viatu kwa kitambaa. Karani alitoka kabla ya saa kumi, amevaa jezi chini ya koti. Akafungua boneti, akarudisha waya kwa ajili ya safari yake, akafunga. Halafu akainama kwenye dirisha la nyuma na ule uso wa msiba.

"Mama, pole sana. Betri imekufa."

Mama akainua macho, akaitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya kilemba chake.

"Naiona," akasema.