Siku ya Tatu ya Majivu

Mzee Zebedayo alikuwa Mbondei wa Muheza, Mkristo wa kubatizwa, na kwa miaka kumi na tisa alilinda uwanja wa Wahindu wa kuchomea maiti, nje kidogo ya mji wa Tanga. Kule Makorora alikokaa, watu hawakuchoka kumtania.

"Shemeji," jirani yake Mwanamkasi humwambia akimwona anapita na kanzu iliyopigwa pasi, "leo wamwoka nani?"

"Wewe usiharakishe, shemeji. Kuni zako bado mbichi."

Hakuona haya. Kazi ile aliijua kuliko wengi waliokuja na maiti zao. Na tangu alipojifunza kusoma na kuandika katika shule ya usiku ya Mwalimu Manase, naye ametimiza miaka hamsini, alikuwa akiandika katika daftari yote aliyoyasikia kwa maharaji, kuhani wao, na aliyoyaona kwa macho yake.

Jumanne moja ya mwaka 1954 akaletwa Vrajlal, mwenye duka la vitambaa. Maharaji aliongoza ibada, mtoto wa marehemu akawasha moto, kisha maharaji akaenda Pangani kwenye msiba mwingine. Kesho yake asubuhi mtoto yule, Kantilal, akarudi peke yake na koleo na bati la biskuti.

"Zebedayo, fungua. Nataka kuzoa majivu."

"Hayajapoa, bwana."

"Si hayo yamekuwa meupe? Meli ya Bombay yaondoka kesho saa sita. Mama yuko huko, angoja mifupa ya baba aipeleke mtoni. Nikiikosa meli hii, nyingine ni mwezi ujao."

"Huikosi. Jumanne ni siku ya kwanza, leo ya pili, kesho alfajiri ya tatu. Majivu huzolewa siku ya tatu."

"Mimi nimesoma sheria Bombay. Wewe utanifundisha dini yangu?"

"Dini sikufundishi, bwana. Nakufundisha moto."

Kantilal akakunja uso. "Mjomba wangu ni mwenyekiti wa kamati ya uwanja huu. Akisema neno moja, kesho lango hili litakuwa na mlinzi mwingine."

Hilo lilikuwa kweli, na Zebedayo alilijua. Mlinzi aliyemtangulia aliondolewa hivyo hivyo. Akasimama kidogo, mkono kwenye komeo la lango. Kisha akafungua, lakini hakumpisha Kantilal. Akaokota ujiti mkavu wa ukuti, akauchomeka katikati ya majivu mpaka ukazama nusu. Akauacha humo kidogo. Alipouchomoa, ncha ilikuwa nyekundu. Akaipuliza, ikawaka.

"Hizi ni kuni za mvinje," akasema. "Juu jivu, chini moto. Ungelifunga bati hili, ukalitia sandukuni kati ya nguo, ukaliweka chini ya kitanda melini. Baba yako angewaka mara ya pili, safari hii na abiria wote."

Kantilal akautazama ule ujiti mpaka ukazimika. Akalaza koleo chini.

"Kesho nije na nini?"

"Maziwa, maji, chungu kipya cha udongo na kitambaa chekundu. Bati wape watoto."

Alhamisi alfajiri Kantilal akanyunyiza maziwa na maji juu ya majivu. Zebedayo alisimama kando, kwani mifupa si ya mlinzi kuigusa, ni ya mtoto.

"Kwa mkono, si kwa koleo. Anza miguuni, umalizie kichwani."

Kantilal akaokota mfupa mdogo. "Huu ni wa wapi?"

"Wa kidole. Uweke taratibu."

Chungu kikafunikwa kitambaa. "Usikiingize nyumbani," Zebedayo akaonya. "Kifunge mtini uani mpaka saa ya kwenda bandarini."

Majivu yaliyobaki wakayapeleka pwani. "Maji yapwa sasa, ndiyo saa yake. Yangekuwa yanajaa, yangekurudishia baba miguuni pako. Ingia mpaka kiunoni. Upepo uwe mgongoni. Inama, usimwage kutoka juu."

Kantilal alitoka majini suruali ikichuruzika. "Nani alikufundisha haya?"

"Wazee wenu, mmoja mmoja. Mimi niliandika." Akatoa daftari mfukoni mwa kanzu.

Kantilal akajifuta mikono, akafunua kurasa, akasoma.

"Mzee Zebedayo," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita mzee, "nipe hili. Mama naye ana siku yake, na wadogo zangu hawajui kitu."

"Daftari silitoi. Una kalamu?"

Alikuwa nayo mfukoni mwa shati, ya wino, ya bei kubwa, pamoja na kijitabu. Wakakaa juu ya gogo, msomi wa Bombay akiandika, mtu wa Muheza akisoma polepole, neno baada ya neno, akingoja kalamu imfikie. Walipofika mwisho Zebedayo akasimama, akaweka mikono nyuma kama Mwalimu Manase.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya. Soma nisikie."