Chini ya Kiganja cha Baba

Kwetu Zutphen, Uholanzi, mtu akitimiza miaka hapongezwi peke yake. Unaingia sebuleni, unazunguka duara la viti, unampa kila mmoja mkono: hongera kwa baba yako, hongera kwa kaka yako, hongera kwa jirani yako. Siku baba yangu alipotimiza themanini na tisa nililizunguka duara lile, nikambusu shangazi Dineke mara tatu, nikakaa kwenye kiti kigumu karibu na dirisha, kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Ndivyo baba yangu alivyoweza kunifanya.

Nilikuja na ombi moja. Baba, mwalimu Gerhard Wolterink, alikuwa amefundisha lugha na fasihi ya Kiholanzi miaka thelathini na sita, na jioni zake zote alizitumia kufasiri kwa lugha ya leo utenzi wa mtawa mmoja wa zamani asiyejulikana jina, kuhusu gharika iliyoimeza nyumba yao ya watawa. Tafsiri ile haikuwahi kutoka chumbani mwake. Mimi nilitaka kuichora, ukurasa kwa ukurasa, kiwe kitabu changu cha mwisho kabla mkono haujaanza kutetemeka. Na daktari wa macho alikuwa amesema kwamba baba hatamaliza majira ya baridi akiwa bado anasoma. Kama ni ndiyo, iwe leo.

Shida ni kwamba aliwahi kuniambia hapana.

Tulipokuwa wadogo, baba alizichukia katuni za maputo, zile ambazo watu husema kwa puto linalotoka mdomoni. Shuleni aliwanyang'anya wanafunzi, akazitia kwenye jiko la makaa. Zilizoruhusiwa nyumbani ni zile za gazeti, zenye picha juu na maelezo marefu chini yake. Hata hizo hazikuja bure. Kila Jumamosi alilitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, akaifunika picha kwa kiganja, akatusomea maneno tu. Kisha akatuuliza, mimi na kaka yangu Berend: "Nini kiko chini ya kiganja?" Berend alijibu lolote ili yaishe. Mimi niliona kila kitu: kofia, mbwa, moshi wa bomba la nyumba. Mara nyingi, kiganja kilipoinuka, picha ya gazetini ilikuwa duni kuliko yangu. Sijapata kuwa na raha kama ile tena, harufu ya kahawa, wino wa gazeti, na mkono ule mkubwa wenye chaki kwenye kucha.

Nilikwenda Groningen kusomea lugha na fasihi, kama alivyotaka. Mwaka wa tatu, mwaka sabini na nane, nilirudi nyumbani na kurasa nne: mwanzo wa utenzi wake, nimeuchora. Hata hakuzigeuza. Alizisukuma kwa kijiko cha kahawa akasema, "Picha ni za wasiojua kusoma, Aleid." Niliacha chuo wiki ile ile. Miaka mitatu baadaye nilianza kuchora kwenye gazeti la mkoa, kila Jumamosi, habari za Truida, mwanamke anayefungua na kufunga daraja la mfereji na kuwasema wenye mashua kwa mashairi. Nilichora na kuandika mwenyewe kwa miaka thelathini na mmoja. Baba hakulitaja jina la Truida hata siku moja. Nami nilikuwa na kiburi chake, sikuuliza.

Basi siku hiyo tulikaa kwenye duara, kahawa mkononi. Shangazi Dineke alipitisha kopo la biskuti, moja kwa kila mtu, kisha akalifunga kwa kishindo.

"Na wewe Aleid, bado unachora vikaragosi?" aliniuliza.

"Bado, shangazi."

"Mtu mzima na nywele zako nyeupe. Marehemu mama yako alidhani utaacha ukipata mume."

"Mume alipatikana, akaacha yeye."

Berend alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye sahani. Baba hakucheka. Aligeuza uso kuelekea sauti zetu, maana nyuso hakuziona sawasawa tena, akasema, "Mjukuu wa Berend hajaandikwa."

Alimaanisha kalenda ya siku za kuzaliwa, iliyo chooni. Mama aliitundika mwaka sitini na moja, ile isiyo na mwaka, tarehe tu na majina, ili mtu akikaa pale akumbuke ni nani wa kumpongeza wiki hiyo. Mjukuu huyo, Fenna, alikuwa amezaliwa Jumanne.

"Nitamwandika nikienda huko," Berend alisema.

"Mwandiko wako ni wa kuku. Aandike Aleid. Kalamu iko mezani kwangu, droo ya kushoto."

Nilikwenda chumbani kwake nikiwaza jinsi ya kulianzisha lile ombi. Nikaivuta droo ya kushoto. Hapakuwa na kalamu. Palikuwa na madaftari ya shule yenye jalada la buluu, yamebanana, kila moja na mwaka wake: 1981, 1982, mpaka 2012.

Nilifungua la kwanza. Truida alikuwa amebandikwa pale, Jumamosi baada ya Jumamosi, amekatwa gazetini kwa mkasi, kingo zimenyooka. Na kila mahali palikuwa na penseli nyekundu. "Neno hili limechoka." "Ubeti wa pili unachechemea." "Kwa nini anasema hivi? Yeye si mpuuzi." Pembeni, maksi kati ya kumi: tano, tano, sita. Nilikaa chini sakafuni. Katika daftari la mwaka themanini na saba alianza kuzigusa picha: "Mkono wa kulia mrefu mno." "Maji haya ni mazuri." Saba. Saba na nusu. Kwenye mwaka tisini na nne nikaona nane ya kwanza, naye shuleni hakuwahi kumpa mtu zaidi ya nane. Katika daftari la mwisho nikatafuta ukurasa wa mwisho, siku Truida anafunga daraja na kwenda nyumbani. Haukuwa na sahihisho wala maksi. Aliandika chini tu: "Jumamosi ijayo nitasoma nini?"

Nikasikia mkongojo kwenye ukumbi. Alisimama mlangoni, na kalamu ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa shati lake.

"Kalamu haimo humu, baba."

"Najua."

Nililia, na hasira ilikuwa nyingi kuliko machozi. "Miaka thelathini na mmoja. Kwa nini hukuniambia?"

"Kulikuwa na makosa."

"Baba."

Alipapasa mpaka akapata kiti chake, akaketi. Alizungusha mpini wa mkongojo.

"Mwaka sabini na nane nilisahihisha kazi bila kuisoma," alisema. "Mwalimu hafanyi hivyo. Nikashindwa kukuambia, na kila Jumamosi ikawa ngumu zaidi."

Kwake yeye huko kulikuwa kupiga magoti. Nilifuta pua kwa mkono wa blauzi, nikamwomba. Nilisahau maneno yote niliyoyapanga kwenye treni. Nilisema tu, "Nipe mtawa wako, baba. Nimchore."

Aliomba karatasi nyeupe, nikampa. Akailaza mezani, akaipapasa kingo zake, akaweka kiganja katikati. Kilikuwa kimekonda, chaki imekwisha zamani. Kisha akaukariri mwanzo wa utenzi, bila kuangalia popote:

"Maji yalikuja wakati wa sala ya jioni. Yalivua viatu vyetu mlangoni, yakaingia."

Kutoka sebuleni shangazi Dineke aliuliza kwa sauti kama yule mtoto ataandikwa leo au akiolewa.

"Nini kiko chini ya kiganja?" baba aliuliza.

Nilifumba macho. "Viatu vya mbao," nilisema. "Jozi kumi na saba. Vinaelea kati ya mabenchi, vinakwenda madhabahuni. Mishumaa bado inawaka. Watawa hawaonekani."

Kiganja kilibaki juu ya karatasi.

"Miaka arobaini," alisema, "mimi niliona maji tu."

Akainua kiganja, akanisogezea ile karatasi.

"Maneno yangu yaweke chini," alisema. "Picha ije juu."