Miche Sitini ya Mwalimu Ignasi

Watu wakitaka kunisifu husema Zakia ana mkono. Kila mche anaoushika unashika. Hakuna sifa inayonichefua kama hiyo. Mkono huu sikuzaliwa nao, nilipewa na mtu, na mtu huyo nimemshukuru kwa namna ambayo hata punda angeona haya. Shukrani ya punda ni mateke, na teke huuma siku mbili likapoa.

Shule nilisoma kijijini kwetu, njia ya Rondo ukitokea Mtama. Darasani nilikuwa mzigo. Hesabu sifuri, Kiingereza usiniulize. Siku moja mwalimu wa darasa alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema huyu ni wa kuolewa tu, msipoteze muda naye. Nilitoka nje kwa hasira, maana tangu utotoni mimi hasira ndiyo ugonjwa wangu. Mwalimu Ignasi, aliyesimamia shamba la shule, akanikuta nabomoa tuta kwa mateke. Alinipa wembe na kijiti cha mkorosho, akaniambia nichonge ncha pande mbili. Nikachonga. Akakitazama, akakitupa, akanipa kingine. Tuliendelea hivyo mpaka kengele ikagonga.

Hakuwa mtu wa kusifu yule. Ila kesho yake aliniita tena, na kesho kutwa, na nilipomaliza la saba nilikuwa najua kubebesha mikorosho kuliko mabwana shamba. Unakata kichwa cha mche mdogo, unaupasua, unachomeka humo kikonyo, kile kijiti kilichochongwa, cha mti unaozaa vizuri, unafunga kwa nailoni hata hewa isipite, halafu unasubiri. Kusubiri ndiko kulikonishinda zaidi. Alikuwa akinikuta nafungua nailoni kuchungulia, ananipiga kofi dogo la mkononi, tunacheka.

Makatazo yake yalikuwa machache. Moja alilirudia kila mwaka: udongo wa kujaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, usichotwe kamwe kwenye shamba la mikorosho, ufuatwe porini hata kama ni mbali. Ugonjwa wa mti unakaa ardhini, alisema, na haupigi hodi.

Kwa wembe ule nimejenga nyumba mjini, Rasbura. Nimesomesha watoto wawili. Mume wangu aliponiacha nilimwambia aende salama, mimi nina kitalu. Watu wanatoka hadi Kilwa kufuata miche yangu. Na kila nilipokuwa napokea pongezi moyo ulikuwa unanisuta, kwamba Zakia, tangu umalize shule, Mwalimu umempelekea nini? Sukari kilo mbili na kanga ya mkewe.

Alipostaafu alibaki na ekari tatu za mikorosho, mikubwa, ndiyo iliyowalea wanawe na ndiyo iliyokuwa pensheni yake ya kweli. Kulikuwa na mapengo hapa na pale, miti iliyoangushwa na upepo. Nikaapa kuyaziba. Miche sitini, aina bora niliyonayo, nitaijaza viriba kwa mikono yangu mwenyewe, asishike kibarua yeyote.

Mwaka huo wateja walikuwa wengi kupita kiasi. Nikawajazia wao kwanza, kwa udongo wa porini, kama nilivyofundishwa. Ilipofika zamu ya zawadi udongo ulikuwa umekwisha, gari limeharibika, na bila kujaza wiki ile miche isingekuwa tayari kwa mvua. Nyuma ya kitalu changu kuna shamba la jirani, la mikorosho, miti yake mitatu minne ilishakauka. Udongo mweusi, laini, hatua ishirini tu. Nikasema mara moja tu. Nikachukua jembe.

Wateja walipata cha porini. Aliyenifundisha akapata cha karibu.

Nilimpelekea kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, asubuhi ya palizi, kijiji kizima kiko mashambani. Aliyeniona ni mkewe tu, Mama Consolata. Mwalimu alitoka amevaa koti lake la shule, akaipita miche mmoja mmoja akigusa majani. Halafu akachota udongo kidogo kwenye kiriba, akaunusa, akaniangalia. Hakuuliza. Ni mimi niliyewahi kusema.

"Wa porini huo, Mwalimu."

"Haya," akasema, akatabasamu. "Wewe sina wasiwasi nawe."

Akaipanda yote sitini, mwenyewe, na umri ule.

Mwaka wa pili mche wa kwanza ulinyauka. Kisha kumi. Kisha ikaanza mikubwa, ile mikongwe: tawi moja linageuka rangi ya kahawia na majani yamening'inia palepale, la pili, la tatu, na mti uliozaa miaka arobaini unakauka kabla mabibo hayajaiva. Mwaka wa tatu ugonjwa ukavuka mpaka, ukaingia kwa Mzee Abilahi. Mwalimu Mkristo, Abilahi Mwislamu, na kwa miaka thelathini walikuwa wakiazimana mapanga na kuzikiana watu wao. Mkosi ulioje.

Bwana shamba alipokuja, mkutano ukafanyika humohumo shambani. Mama Consolata alikuwa amenipigia simu nije, eti Mwalimu angefarijika kumwona mwanafunzi wake. Nikaja. Nilisimama na watu kama thelathini chini ya matawi makavu. Bwana shamba akasema huu ni mnyauko, umeingia na udongo wa miche, akauliza miche hii imetoka wapi.

Nilijua hapo ndipo pa kusema. Wallahi nilijua. Niliwaza kitalu, niliwaza wateja wa Kilwa, niliwaza jina langu. Mdomo haukufunguka.

"Nimeotesha mwenyewe," akasema Mwalimu Ignasi. "Udongo nilichota hapahapa. Uvivu wa uzee."

Watu walimwamini, kwa nini wasimwamini? Kila mwaka alikuwa na kitalu chake kidogo nyuma ya jiko. Bwana shamba akaandika, akaamuru miti yote ikatwe na kuchomwa, ya Mwalimu yote na ya Abilahi nusu. Watu walipotawanyika, Mzee Abilahi alipita mbele ya rafiki yake bila kumpa mkono. Nilimwona Mwalimu ameunyoosha wa kwake, kisha akaurudisha kwenye mfuko wa koti.

Tulipobaki wawili nilipiga magoti. Nilitaka kumweleza, akaniwahi. Alisema alijua tangu alipong'oa mche wa kwanza uliokufa, kwa sababu udongo wa porini hauna vipande vya mizizi ya mkorosho iliyooza. Nikamuuliza kwa nini basi amenibebea. Akasema mimi bado nina watoto na kitalu, yeye miti yake ilikuwa imeshakufa, kusema kusingeifufua. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, ile ya kufundishia. Nilidhani amemaliza.

"Nilikufundisha kuchonga, Zakia. Nikakufundisha kufunga, na kusubiri. Kule kunyamaza mbele za watu, hilo sikukufundisha mimi."

Nilirudi Rasbura nikaishi wiki tatu kama mgonjwa. Chakula hakipiti. Mama Consolata, ambaye Mwalimu alimkataza asinitaje, akipiga simu ananisimulia bila kunilaumu: kwamba watu hawamsalimii tena Mwalimu njiani, kwamba wazazi waliokuwa wakimletea watoto awafundishe kubebesha wamewaondoa, nani amtake fundi aliyeua shamba lake na la jirani. Miaka arobaini ya jina zuri, kwisha.

Ijumaa ya wiki ya tatu nikajifunga kanga kiunoni nikapanda gari la Mtama. Baada ya swala nilimkuta Mzee Abilahi barazani kwake na wazee wenzake. Nikawaamkia, nikasimama, nikasema yote. Miche ni yangu. Udongo nilichota mimi, kwenye shamba lenye miti iliyokufa, kwa uvivu wangu. Nikamdanganya Mwalimu. Mkutanoni alinisitiri, na mimi nikanyamaza.

Nilisubiri matusi, na nilikuwa nayahitaji. Mzee Abilahi akavua kofia, akajifuta macho nayo.

"Mwanangu," akasema, "Mungu akujaalie. Wangapi leo wangekuja kubeba aibu ya mwalimu wao?"

Nikaapa. Nikaapa tena kwa jina la Mungu, sauti imepanda, nikawaambia wamuulize Mama Consolata aliyeiona miche ikishushwa. Akanizuia kwa mkono, akasema nisijitie dhambi kwa kiapo, mke lazima amtetee mumewe, kumsitiri aliyekulea ni jambo jema ila wao si watoto, Ignasi mwenyewe alikiri mbele ya serikali. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema angalau Ignasi ameacha kitu kimoja kizuri duniani. Nilipoaga, Mzee Abilahi alinisindikiza hadi barabarani, akaniomba ardhi yake ikishapona nimwoteshee miche ishirini, maana sasa miche ya kuaminika ni ya kwangu.

Nikaenda kwa Mwalimu. Ekari tatu zilikuwa visiki na majivu. Nilizoea kuiona nyumba yake pale tu unapofika mlangoni, leo niliiona toka mbali, ndogo, juani. Alikuwa amekaa kwenye kisiki, koti lile lile. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia nimetoka kwa Abilahi, nimesema kila kitu.

Aliinua uso, na nikaona tumaini machoni mwake. Alikuwa analitaka jina lake, jamani. Alikuwa analitaka muda wote ule.

"Wamesemaje?"

"Hawakuniamini, Mwalimu," nikamwambia. "Wamesema nina shukrani."