Waliozaliwa Januari Mosi

"Hiyo karatasi isitoke mbele ya macho yangu," Goretti alimwambia Chebet, akiisimamia mashine ya faksi kama anayelinda maziwa yasifurike.

Chebet, nesi wa zamu katika nyumba ile ya wazee walimofanya kazi wote wawili pale Laurel, Marekani, akacheka. "Mama Ineza, hii ni faksi tu. Haili karatasi. Inaisoma na kukurudishia."

"Inamusomea nani?"

Swali lenyewe, jamani, lilikuwa na haki yake. Wiki hiyo ya mwaka 2007, mtandao mmoja wa vijana ulikuwa umefunga ukurasa wa binti yake Ineza, wa miaka kumi na mitano. Eti tarehe yake ya kuzaliwa, Januari mosi, inatia shaka: watoto wadogo wanaodanganya umri huchagua hiyo hiyo. Mzazi atume uthibitisho kabla ya Ijumaa, la sivyo ukurasa utafutwa na vyote vilivyomo. Na humo ndimo alimokuwa Elie. Kaka yake Goretti, waliyepotezana naye vitani miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa amemwandikia Ineza kutoka Kampala kuuliza kama yeye ni mtoto wa dada yake. Alijiandika Elie tu. Ineza alijibu ndiyo, akaomba namba ya simu. Jibu halijafika, ukurasa ukafungwa.

"Kampuni ya watoto kupiga soga," Goretti alisema, "banatafuta karatasi ya uhamiaji ya nini? Nani anabatuma?"

"Si ni serikali! Wamebanwa na hizi sheria za umri, sasa wanatubana sisi. Tuma tu."

Goretti hakuamini hata nukta. Alishaona orodha nyingi katika kambi ya wakimbizi, na alijua jina likishaingia kwenye orodha halitoki kirahisi. Lakini Elie! Akatoa kadi ya uhamiaji ya Ineza. Januari mosi. Akaongeza na yake, kama walivyotaka. Januari mosi. Kambini karani hakuwa na muda wa kuuliza ulizaliwa msimu gani. Asiye na cheti alipewa siku hiyo, familia nzima, foleni nzima.

Alhamisi jibu likaja: mama na binti tarehe moja, hati zinaonekana za kughushi, ombi limekataliwa. Ijumaa ukurasa haukuwepo tena.

Goretti hakulia mbele ya mtoto. Alilia chooni kazini, akanawa uso, akaenda kumgeuza kitandani mzee wa chumba cha nane. Jumamosi akamkokota Ineza hadi kwenye kompyuta za maktaba.

"Unifungulie ukurasa wangu."

"Maman, wataufunga tu. Januari mosi tena?"

"Nani alisema Januari? Weka Mei. Kumi na saba."

"Lakini si kweli."

"Weka!"

Ineza akabonyeza. Goretti akashika ukingo wa meza, akingoja waulize kadi, waulize faksi. Wapi! Hakuna aliyeuliza kitu. Karibu, Goretti, mtandao ukaandika, tena kwa picha za maua.

Aliyatazama maua yale kwa chuki. Kisha akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: Elie. Zikatokea nyuso, safu kwa safu, kurasa arobaini na mbili. Goretti akavuta kiti, akafuta miwani kwa pindo la blauzi, akaanza na wa kwanza.