Mtihani wa Machano

"Swali la tano. Usukani ni nini, na neno lenyewe limetoka wapi?"

Machano alikuwa ameshika kana, ule mti wa kugeuzia usukani, na mashua ilishaacha ufuo wa Chwaka. Miaka thelathini na minane anawavusha wanawake kwenda kwenye mwani. Leo karatasi ndiyo itakayosema kama kesho atavusha. Tahir, mkaguzi wa leseni kutoka mjini, alikaa katikati na kalamu yake. Waliomtangulia walikuja kuandika majina. Wengine kupiga picha. Mashine za mashua walizoahidi hazijaonekana mpaka leo.

Machano alijibu kwamba neno walilileta Waarabu, na kana vilevile. "Lakini huu umetoka kwenye mvule. Nimeuchonga mwenyewe."

Tahir akatazama karatasi ya majibu. Mvule haukuwamo.

Yakaja maswali ya vitendo. Tahir aliamuru kushoto, Machano hakujibu. Huko Chwaka, aliyeshika kana hasemi, wala hamsikilizi wa katikati. Humsikiliza aliye omo, mbele kabisa, anayepima maji kwa upondo, ule mti mrefu. Na omo alisimama dada yake, Mize, anayelijua kila jiwe la ghuba ile kwa nyayo zake.

"Joshi," alisema Mize. Upande unakotoka upepo. Saa ile, kulia.

"Mzee Machano, nimesema kushoto. Usipofuata amri nakuandika umeanguka."

Machano aliigeuza mashua kulia. Tanga likajaa, mashua ikalala ubavu.

"Tulia, mwanangu, mtihani si wako," Mize alimwambia bila kugeuka. "Joshi. Joshi tena."

Tahir alinyanyuka, akanyoosha mkono aikamate kana. Machano akaukinga kwa bega. Kushoto kwao maji yalibadilika: kijani, kahawia, halafu jiwe lenyewe, limeota chaza, karibu ya kuguswa. Upondo uligonga mara moja, sauti kavu. Likapita.

Tahir alikaa kwa kishindo.

"Uliliona?"

"Sikuliona," alisema Machano. "Hapa nlipo silioni kamwe. Ndiyo maana nnanyamaza."

Mkaguzi aliiokota karatasi miguuni, imelowa. Mstari wa mwisho uliuliza: Anatii amri? Ndiyo. Hapana. Kalamu ikasimama juu ya visanduku viwili, ikitikisika pamoja na mawimbi.

"Demani," aliita Mize. Upande unakokwenda upepo; sasa ndiyo kushoto.

Machano aliisukuma kana. Kalamu hakuiangalia.