Siku Kifaru Alipomshinda Godoro Bila Kufika

Mtaani walisema yule fundi cherehani ndiye mwanamke pekee duniani aliyeolewa na godoro, na utani huo haukumchekesha hata siku moja. Mumewe alikuwa mcheza mieleka wa ukumbini, na kazi yake humo ilikuwa moja tu, kushindwa. Wenzake walipewa majina ya kutisha, akina Kifaru, Kimbunga na Nyundo. Yeye mashabiki walimwita Godoro, kwa kuwa kila bingwa aliyepita alimlalia. Jumatatu asubuhi wateja wakija kupunguziwa sketi walimwuliza fundi, kwa huruma ya kinafiki, kama mzee ameamka salama. Aliwajibu akiwa amebana pini mdomoni, asije akaropoka mengine.

Kwamba matokeo ya mieleka hupangwa kabla, fundi alilijua tangu enzi za uchumba, na ndilo lililozidi kumchefua. Kushindwa kwa bahati mbaya humpata kila mtu. Lakini huyu wake alikaa na wenzake chumbani, wakanywa chai, wakapanga nani ashinde, naye akakubali kupigwa kwa hiari yake. Alimwambia mara chungu nzima aombe zamu yake na yeye. Mume alicheka tu, akamwomba amkande mgongo.

Sasa kaka yake fundi alikuwa amemtengea shemeji yake nafasi katika duka la vifaa vya ujenzi, awe anapima misumari na kuandika risiti, na jibu lilitakiwa Jumapili. Mume na mke wakabishana hadi koo zikawakauka, kisha wakaafikiana. Fundi, ambaye hakuwahi kuukanyaga ukumbi ule, angekwenda Jumamosi kutazama mara moja. Akitoka na aibu ileile aliyoingia nayo, basi mume angeivua bukta ya mieleka na kwenda kupima misumari, tena bila kununa.

Ndivyo fundi alivyojikuta kwenye kiti cha mbele Jumamosi alasiri, mkoba mapajani na ndita usoni. Ukumbi ulinuka jasho na rangi mbichi. Ulingo ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Miaka yote alijipa moyo kwamba chini wametandika sponji nene. Alipoupapasa kwa siri akakuta turubai jembamba, na chini yake mbao ngumu kama za meza yake ya kukatia vitambaa. Hilo halikumfurahisha.

Mambo yakaharibika kabla hayajaanza. Kifaru, bingwa aliyengojewa kwa hamu, alipiga simu kusema haji. Mama mkwe wake alikuwa ametua bila taarifa na kuketi sebuleni, jirani kabisa na mlango wa kutokea, na hakuna mwanamume mwenye akili timamu atakayekatiza mbele ya mama mkwe akiwa amevaa bukta ya manyoya. Mwenye ukumbi alikuwa hoi. Fundi alimsikia nyuma ya pazia akisema hakuna namna, watu warudishiwe viingilio vyao. Kisha akaisikia sauti ya mumewe, tulivu kabisa.

"Wewe mtangaze," alisema Godoro. "Atakuja."

Akatangazwa kweli. Muziki ukapigwa, pazia likafunguliwa, asitokee mtu. Godoro, aliyekwisha kupanda ulingoni, akatazama pazia lile, akarudi nyuma kidogo, halafu macho yake yakaanza kupanda taratibu, kama ya mtu anayesogelewa na jitu. Watu wakaangua kicheko. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Kengele ikalia, na Godoro akashikwa sikio.

Mkono haukuwepo, lakini sikio lilivutwa. Kichwa kililifuata, shingo ikakifuata kichwa, na mwili mzima ukaburutwa hadi kona ya pili, visigino vikikwaruza turubai. Huko alibanwa kwenye kamba akachapwa kofi la kifua lililosikika hadi mlangoni. Fundi alikiona kiganja cha mumewe kikilipiga paja lake mwenyewe, chini chini na upesi, na alijua kwamba amekiona kwa sababu macho yake yamezoea kufuata sindano.

Kicheko kikaanza kupungua. Refa, mtu mzima mwenye kitambi, alisimama asijue la kufanya, kisha akainua kidole na kuionya hewa iache kuvuta nywele. Toka hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Mama mmoja safu ya pili alisema huyu Kifaru siku zote ana roho mbaya. Mzee mmoja akalalamika kwamba bingwa amemziba, haoni kitu, na jirani yake akamshauri ahamie upande wa pili. Godoro aliporushwa nje ya kamba na kukokotwa mbele ya viti, fundi alikunja miguu ili Kifaru apite, na alipojishtukia, tayari alikuwa amesema samahani.

Kisha Godoro akanyanyuliwa. Kwa kunyanyua watu ndiko Kifaru alikosifika mtaani, na mikono yake ilisimuliwa hadi kwenye saluni. Leo fundi aliuona unyanyuaji wenyewe ukiwa hauna mikono. Ulikuwa magoti ya mumewe yakijikunja na kuruka, tumbo likikazwa, mgongo ukigeuka hewani, halafu anguko la mabega yote mawili kwa pamoja, kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisigonge. Mbao zikalia. Akalala, akapumua, akanyanyuliwa tena. Nguo iliyoshonwa vizuri haionyeshi uzi, na hii fundi alikuwa anaiona kwa upande wa ndani. Nguvu za Kifaru zilikuwa magoti yale. Za Kimbunga vilevile, na za Nyundo. Miaka yote ukumbi huu ulimshangilia mumewe kwa majina ya watu wengine. Machozi yakamlenga, na hasira nayo ikampanda, kwa sababu leo hapakuwa na wa kumzuia asishinde. Kifaru alikuwa kwake, anamwandalia mama mkwe chai.

Godoro alikuwa chali, amelaliwa. Refa akapiga magoti, akagonga turubai.

"Moja."

Fundi alisimama, mkoba ukaanguka.

"Amka, mume wangu! Hayupo!"

Ukumbi mzima ulimgeukia kwa kero. Yule mama wa safu ya pili akamvuta sketi. "Dada, kaa chini," alimwambia. "Huoni alivyombana?"

Godoro aligeuza kichwa, macho yake yakakutana na ya mkewe, na akajaribu. Bega lake moja likainuka likitetemeka, mishipa ya shingo ikamtoka, na fundi akauona uzito wa mwanamume mzima umelikalia bega lile. Alimwona Kifaru, na bukta yake ya manyoya, na akamchukia kwa moyo wake wote. Bega lilifika karibu kabisa, likashindwa.

"Mbili. Tatu."

Ukumbi ukalipuka. Refa aliunyosha mkono wa mshindi juu, mpaka akasimama kwa ncha za vidole, maana Kifaru ni mrefu.

Fundi alimkuta mumewe chumba cha kubadilishia nguo, mgongo umeiva, anafungua viatu kwa shida. Alimwuliza kwa nini hakuinuka.

"Walikuja kumwona Kifaru akishinda," alisema Godoro. "Ningeinuka, wangerudi nyumbani wamemwona mtu anagaragara peke yake."

Akaikunja bukta akaitia kwenye begi. Akasema ahadi ni ahadi, kesho atakwenda kwa shemeji akitakiwa, wala hatanuna. 

Nje ya mlango wa nyuma kundi la watu lilikuwa linangoja, kalamu na karatasi mkononi. Walimpisha Godoro apite, mmoja akampigapiga bega kwa kumhurumia. Fundi alipotoka wakamzingira, wakataka kujua bingwa yuko wapi. Mumewe alikwisha kutangulia, anachechemea na begi lake, hakugeuka. Maneno yote ya miaka ile yalimjaa fundi mdomoni, na mara hii hakuwa na pini.

"Bado anaoga," alisema. "Mngojeni, ila msimsumbue. Leo amefanya kazi kubwa sana."

Kule mbele Godoro akasimama. Fundi akamfikia, akampokea begi, wakaenda mpaka wakapinda kona.

"Jumamosi ijayo," akauliza, "unapigwa na nani?"